Warfarin na sindano za enoxaparin kwa pamoja: kwa nini zote mbili?

mdau_wa_moro: Wakuu, naomba kueleweshwa. Mama mdogo amekutwa na bonge la damu kwenye mshipa wa paja. Kaandikiwa warfarin miligramu 5 kila jioni, na juu yake enoxaparin asubuhi na jioni. Si zote zinazuia damu kuganda? Na kuna watu wanamwambia aache kabisa mboga za majani.

Mfamasia_K: Asikatishe sindano. Warfarin kazi yake iko kwenye ini. Ini linahitaji vitamini K ili kukamilisha protini za kugandisha damu, yaani namba II, VII, IX na X. Warfarin huzuia kimeng'enya kinachoirudisha vitamini K iliyokwisha kutumika, kwa hiyo ini linatoa protini butu. Lakini zile nzima zilizotengenezwa jana bado ziko kwenye damu. Namba VII hupungua nusu kwa saa 6 hivi. Namba II huchukua siku mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda; kikipanda, inaganda polepole zaidi) ya siku ya tatu hudanganya: imepanda kwa sababu ya VII, na II bado imejaa.

Tena kuna protini C, inayozuia kuganda kupita kiasi. Nayo hutegemea vitamini K, na huisha mapema. Warfarin peke yake siku za mwanzo inaweza hata kuzidisha kuganda. Enoxaparin huiongezea nguvu antithrombin, protini ya mwilini ambayo huzima namba X ndani ya saa chache. Sindano huendelea angalau siku 5, NA mpaka INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24. Lengo ni 2 hadi 3. Bonge lenyewe haziliyeyushi. Zinalizuia lisikue wakati mwili unalimaliza taratibu.

dr_pwani: Naongezea. Enoxaparin ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 12. Kama figo ni dhaifu sana, mara moja kwa siku, la sivyo inarundikana.

Mboga asiache! Ale kiasi kilekile kila wiki, dozi itapangwa kufuata mlo wake. Akiacha mchicha na kisamvu ghafla, INR inapanda. Mimi naogopa dawa za dukani kuliko matembele. Metronidazole, Septrin na fluconazole huipandisha INR. Rifampicin ya kifua kikuu huishusha vibaya. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen ni mtego: INR inasoma vizuri, huku tumbo linavuja damu.

mdau_wa_moro: Asanteni. Akisahau kidonge je?

dr_pwani: Akikumbuka siku hiyohiyo, anywe. Ikishakuwa kesho, aendelee na dozi ya kawaida, asinywe viwili, na aandike siku aliyoruka ili kliniki waione. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kujigonga kichwa hata bila jeraha: hospitali saa hiyohiyo. Kama bado ana umri wa kuzaa, awaambie kliniki mapema. Warfarin hudhuru mimba changa.

Mfamasia_K: Mtu atakuja kumpendekezea rivaroxaban, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, kwa kuwa haihitaji kupimwa INR. Kwa bonge la mguu ni dawa nzuri: miligramu 15 mara mbili kwa siku wiki 3, kisha 20 mara moja, pamoja na chakula, bila sindano. Ila mwenye vali ya chuma kwenye moyo, au vali ya mitral (ya upande wa kushoto wa moyo) iliyobana kwa homa ya baridi yabisi, abaki na warfarin.