Nahau na vitenzi vya Kiingereza kwa Kihispania: je, orodha ya visawe inatosha?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimepewa kazi ya kutafsiri kumbukumbu za mwalimu mstaafu kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, na mteja ameniletea orodha ya nahau ambamo kila moja imewekewa kisawe kimoja tu, akaniagiza nisitoke humo. "Give up", kwa mfano, imepewa "rendirse" mwanzo hadi mwisho. Lakini mwalimu huyo katika sura ya kwanza anaacha sigara, katika sura ya nne anampisha mama mjamzito kiti ndani ya basi, na karibu na mwisho anakata tamaa ya kumpata ndugu yake aliyepotea. Je, niifuate orodha, au nimweleze mteja kwamba haifai?

Jibu la kwanza

Mweleze, tena kwa sentensi hizohizo tatu. Anayeacha sigara "deja de fumar", anayempisha mwenzake "cede el asiento", na aliyekata tamaa "pierde la esperanza". "Rendirse" ni kusalimu amri, kwa hiyo msomaji atajiuliza huyo mvutaji amesalimu amri kwa nani. Nahau zenye picha ni rahisi zaidi: "it's raining cats and dogs" huwa "llueve a cántaros", yaani mvua ya kumwagwa kwa mitungi, na kitu kinachogharimu mkono na mguu kwa Kiingereza, kwa Kihispania hugharimu jicho la usoni, "un ojo de la cara".

Jibu la pili

Naongezea kwamba kisawe kinapaswa kubeba maana pamoja na heshima. "Kick the bucket" ina mwenzake mzuri, "estirar la pata", ambayo ni kunyoosha mguu, na "pata" hasa ni mguu wa mnyama, kwa hiyo dhihaka inabaki palepale. "Pass away" ni "fallecer". Ukizifanya zote mbili "morir" hutakuwa umepotosha tukio, lakini utakuwa umefuta namna mwalimu alivyomwona kila marehemu, na sisi tunaojua lini husemwa "amekufa" na lini "amefariki" hatuna sababu ya kulipuuza hilo.

Jibu la tatu

Kwa vitenzi vya mwendo, soma kazi za mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy. Alionesha kwamba Kiingereza huweka namna ya kwenda katika kitenzi na kuiacha njia kwa neno dogo linalofuata, ilhali Kihispania huweka njia ndani ya kitenzi chenyewe. "He swam across the river" huwa "cruzó el río a nado". Jambo linalonifurahisha ni kwamba Kiswahili hapa kinakwenda na Kihispania: alivuka mto kwa kuogelea, alitoka mbio, "salió corriendo". Ukikwama, iseme sentensi kwanza kwa Kiswahili na utazame kitenzi kipi kimejitokeza. Mara nyingi namna yenyewe huachwa kabisa, kwa maana "she walked in" ni "entró" tu, isipokuwa kutembea kwake kuwe na uzito katika habari.

Jibu la nne

Kabla ya yote hayo, muulize mteja wasomaji wako wapi. Mhispania hupanda basi kwa "coger el autobús", lakini Mexico na Argentina kitenzi hicho ni tusi, na husemwa "tomar". Gari likiharibika, Hispania "se averió", Mexico "se descompuso". Hata "I'll call you back" ina mtego: baadhi ya wasemaji wa Kihispania nchini Marekani husema "te llamo para atrás" kwa athari ya Kiingereza, lakini kwingineko "te devuelvo la llamada" ndiyo salama. Diccionario de americanismos ya mwaka 2010, yaani kamusi ya maneno ya Kihispania cha nchi za Amerika, itakufaa sana.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Wasomaji wako Mexico, na nitampelekea mteja zile sentensi tatu. Limebaki moja: barua za mwalimu huishia na "I look forward to".

Jibu la pili

Barua ya kiofisi, "quedo a la espera de su respuesta". Kwa rafiki, "tengo muchas ganas de verte". "Espero con ilusión" inanukia Hispania zaidi, kwa hiyo kwa wasomaji wako ningeiacha.