Kibao cha gavana wa zamani Texas: maombi, maandishi, zege na rangi

Mleta mada
Wakuu, salaam. Tunaandaa maombi ya kibao cha kihistoria cha gavana wa zamani katika mji alikokulia, hapa Texas. Jina lake tuliache kwanza. Atakayejibu amtumie gavana wa zamani John Connally wa Floresville kama mfano, maana habari zake zinajulikana. Masharti ni yapi, tuandike kurasa ngapi, na kibao kikifika kinasimamishwaje? Kuna pia kibao cha zamani mjini ambacho rangi imekwisha, na mtu amejitolea kukisugua kwa brashi ya waya. Tumruhusu?

Karani wa Nyaraka
Msiandike moja kwa moja Austin. Maombi hupitia kwanza kwa tume ya historia ya kaunti yenu, nayo ndiyo huyapeleka kwenye Tume ya Kihistoria ya Texas. Kwa kawaida mada iwe na umri wa miaka 50, tukio 30, na mtu awe amefariki angalau miaka 10 iliyopita. Connally alifariki Juni 1993, kwa hiyo hapo hakuna shida.

Wengi hawajui kwamba sharti la miaka 10 linalihusu kila jina litakalochorwa kwenye kibao, si la mhusika peke yake. Mkewe Nellie alifariki 2006, anaweza kutajwa. Mtoto aliye hai hatajwi, hata kama ndiye anayelipia sherehe.

Maelezo yawe kurasa 5 hadi 10, yenye muktadha wa mahali na wakati, historia yenyewe, umuhimu wake, na tanbihi kwa kila dai. Ambatanisheni pia ruhusa ya maandishi ya mwenye kiwanja. Kama ni ukingo wa barabara kuu ya jimbo, idara ya uchukuzi ya jimbo lazima ihusishwe.

Msahihishaji
Niongezee hapo. Maandishi ya kibao hamyaandiki nyinyi. Watumishi wa tume huyatunga kutoka kwenye maelezo yenu, kisha mnaletewa rasimu mkague. Watu huisoma mbiombio wakirudisha "sawa", halafu alumini ikishamiminwa kwenye kalibu hakuna kufuta.

Kwa Connally, mitego ni hii. Alishinda uchaguzi mara 3, mwaka 1962, 1964 na 1966, lakini kipindi cha ugavana wakati huo kilikuwa miaka 2. Mtu anayehesabu kwa miaka 4 ya leo (iliyoanza na uchaguzi wa 1974) atamwandikia miaka 12 badala ya 6. Alitawala akiwa Demokrati. Urepublican ulikuja 1973, baada ya kuwa Waziri wa Fedha wa Rais Nixon, kwa hiyo "gavana wa Republican" ni kosa. Na alizaliwa 27 Februari 1917 shambani karibu na Floresville. Andikeni "karibu na", msiandike "mjini".

Dallas, 22 Novemba 1963, siku Rais Kennedy alipouawa, itataka kumeza kibao kizima. Connally alikuwa garini, kiti cha mbele ya Kennedy, akapigwa risasi, akapona: sentensi moja inatosha. Nafasi inayobaki ipeni kazi yake, kwa mfano bodi ya kuratibu elimu ya juu iliyoundwa 1965. Kibao kikubwa chenye nguzo ni inchi 27 kwa 42, na hicho nacho hujaa upesi.

Fundi Kalibu
Kusimamisha: kabla ya jembe kugusa ardhi pigeni simu namba 811 waje kuonyesha mabomba na nyaya. Shimo lisipungue futi 2. Sehemu ya nguzo itakayozama ipakeni lami, kwa sababu zege bichi huila alumini. Juu ya ardhi zege liwe na mteremko maji yasituame. Zungushieni kokoto, la sivyo mashine ya nyasi itaitafuna nguzo kila wiki. Muwe mbali na vinyunyizio vya bustani pia. Maji ya chumvichumvi huacha ukungu mweupe juu ya herufi.

Brashi ya waya, hapana. Vipande vya chuma hubaki kwenye alumini, vinapata kutu, na kibao kinaanza kulia machozi ya kahawia. Zaidi ya hapo, kibao ni mali ya jimbo, kwa hiyo ruhusa kwanza.

Mkiruhusiwa: osheni kwa sabuni laini na brashi ya plastiki, ondoeni rangi inayobanduka, kiache kikauke kabisa. Pulizeni nyeusi isiyong'aa sana, tabaka 2 nyembamba, hadi herufi zenyewe zifunikwe. Ikikauka, fungeni msasa namba 220 kwenye kipande bapa cha mbao mpitishe juu ya herufi tu hadi alumini ionekane, mmalizie na 400. Mkitumia vidole, vitazama kati ya herufi na kung'oa nyeusi ya chini. Futeni vumbi, kisha pulizeni rangi ya kukinga inayopitisha mwanga, isiyo na rangi yake, siku hiyohiyo, kabla alumini iliyofunguka haijafifia.

Mleta mada
Asanteni. Sherehe tuipange lini?

Karani wa Nyaraka
Msichapishe mwaliko kabla sanduku la kibao halijafika na kufunguliwa. Mtu mmoja asome kibao kwa sauti, mwingine afuate kwenye rasimu mliyoidhinisha, tarehe kwa tarehe. Ndipo mchimbe shimo.