IST inatoa sauti ya "ssss" ikiwa silensa

Swali: Wakuu, Toyota IST, injini 1NZ. Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imepanda hadi 1,100 kwa dakika, taa ya injini inawaka, mashine ya kupima imesoma kodi ya hitilafu P0171. Nikikanyaga mafuta sauti inapungua. Temperecha iko sawa. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu, injini inavuta hewa ya wizi. P0171 ni hewa kuzidi kiwango kinachofaa kwa petroli inayoingia. Inaingia baada ya sensa ya hewa, kwa hiyo haijapimwa. Ukikanyaga mafuta, mvuto ndani ya manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda) unashuka, ndiyo maana sauti inafifia. Usikimbilie kununua sensa ya oksijeni, ingawa fundi atakushawishi. Tafuta kipande cha mpira, kama nusu mita. Ncha moja weka sikioni, nyingine ipitishe kwenye mipira midogo, throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) na gasketi ya manifoldi, mbali na feni na mkanda. Panapovuja sauti inakuwa kali. Nyunyizia hapo maji ya sabuni kidogo: sauti ikikatika, umepapata.

Jibu: Usisahau buusta ya breki, ile inayotumia mvuto wa injini kulainisha pedali. Bana mpira wake kwa koleo, taratibu. Sauti ikikoma, buusta inavuja au valvu yake imechoka. Hilo usiliahirishe, pedali itakuwa ngumu.

Muuliza swali: Kubana hakujabadilisha kitu. Mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi) umepasuka kwenye kona, chini ya klipu.

Jibu: Badilisha wote, usizungushie tepu. Chukua unaostahimili oili, kipenyo kile kile. Mpira wa rejeta utavimba na kulainika. Itoe valvu ya PCV uitikise: isipogonga ndani, imeganda, weka mpya. Kisha futa kodi ya P0171 kwa mashine.