Nani anaingia na Mama kwa daktari?

Dada Mkubwa: Hamjambo wote, Shangazi na Mamdogo shikamooni. Tarehe ya Mama ya daktari bingwa wa macho, kwa ajili ya sukari yake, imetoka, Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi. Kule ni mbali mnajua, kwa hiyo inabidi walale hukohuko Jumatano. Nani anaenda naye

Kaka: Mi nishasema nampeleka na gari. Namshusha mlangoni nangoja nje akimaliza ananipigia tunageuza

Mama Mdogo: Marahaba. Akupigie kwa macho gani?

Kaka: 😂 kwani anapasuliwa?

Mama Mdogo: Hapasuliwi baba ila kuna matone watamtia ya kupanua mboni ili waone nyuma ya jicho. Yanachukua kama nusu saa kushika, yakishashika hasomi kitu cha karibu masaa manne hata sita, mwanga unamchoma na simu yenyewe anaona ukungu mtupu. Sasa fomu za kusaini atasomewa na mlinzi?

Shangazi: Marahaba wanangu. Mimi baada ya hayo matone nilitoka nje nikafungua mlango wa gari la watu, nikakaa, nikafunga na mkanda

Kitindamimba: Shangaziii 😂😂😂

Mama: Jamani mimi nimo humu nawasoma

Mama: Siyo mgonjwa wa kubebwa. Macho yangu yanaona, ni vile vinyuzi vyeusi tu vinaeleaelea

Mama Mdogo: Dada hivyo vinyuzi vimeongezeka ghafla? Unaona vimweko vya mwanga, au kama pazia limeshuka upande mmoja?

Mama: Hapana, ni vilevile viwili vitatu vya siku zote

Mama Mdogo: Haya. Ila ukiona hayo niliyotaja husubiri Alhamisi, unaenda hospitali ya karibu siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Na nyie msimwache aseme anaona vizuri mkaridhika, sukari inaharibu mishipa midogo ya damu kule nyuma ya jicho kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga, na mwanzoni mtu haumwi wala haoni tofauti yoyote, ndo maana wanamuita

Dada Mkubwa: Basi Kaka anaendesha lakini lazima kuwe na mtu wa kuingia naye ndani. Mi kazini sitoki wiki hiyo, nitatafuta makaratasi

Kitindamimba: Naingia mimi. Nishaanza kuandika maswali kwenye simu

Kaka: We ukiingia daktari mwenyewe hatapata nafasi ya kuongea

Shangazi: Hilo msilifanyie utani. Mimi nilipelekwa na kijana wangu, daktari ananiuliza mama unalalaje, kijana anajibu analala vizuri. Kwani tunalala wote?? Nilikuwa na wiki sipati usingizi kwa miguu kuwaka moto na nimesafiri kote kule kwenda kusema hilo, nikarudi nalo nyumbani

Mama Mdogo: Wifi umesema la maana kuliko sisi wote. Kitindamimba sikia, Mama akae mbele ya daktari wewe kaa pembeni. Akiulizwa yeye nyamaza hata kama anachelewa kujibu, mpe muda. Akisahau kitu unamkumbusha yeye, mama ile ya usiku umesema?, halafu anasema kwa mdomo wake. Kazi yako ni masikio na kalamu

Kitindamimba: Sawa mamdogo. Naweza kurekodi?

Mama Mdogo: Omba ruhusa kwanza, akikataa unaandika. Na hayo maswali usiende nayo ishirini, muda wao mfupi, tanguliza matatu. Ugonjwa umefika hatua gani, kama kuna tiba ni leza au sindano ya jicho na tutegemee nini, maana leza mara nyingi ni ya kuzuia lisiendelee kuharibika, siyo ya kurudisha kilichokwishapotea, na mtu asipoambiwa mapema anadhani imeshindwa. La tatu kama marudio mengine yanaweza kufanyika kliniki ya huku karibu

Mama: Sindano ya jicho?? Siendi

Mama Mdogo: Dada wanatia ganzi ya matone kwanza. Na hakuna aliyesema utachomwa, tunauliza tu

Mama: Hmm

Dada Mkubwa: Dawa je

Mama Mdogo: Zote, na maboksi yake, siyo kuzimwaga kwenye mfuko mmoja. Na karatasi ya majibu ya kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu

Mama: Na vile vidonge alivyonipa wifi?

Mama Mdogo: Vidonge gani

Mama Mdogo: Wifi?

Shangazi: Ni vitamini tu jamani 🙈

Mama Mdogo: Viende navyo na boksi lake. Insulini inakaa kwenye mkoba wa mkononi, siyo buti, gari likisimama juani mle ndani ni tanuri. Kaka nakuambia wewe. Kipimo cha sukari nacho kiwe karibu, mkichelewa njiani au foleni ikiwa ndefu mpimeni, ikiwa chini ya 3.9 mmol/L anapata gramu 15 za sukari, nusu glasi ya juisi inatosha, baada ya dakika 15 mnapima tena. Na njiani msimame mara kwa mara anyooshe miguu

Kitindamimba: Asile asubuhi hiyo si ndio?

Mama Mdogo: Nani kasema? Kumshindisha mwenye insulini na njaa bila kuambiwa ni kumtafutia balaa. Dada Mkubwa piga simu kliniki kesho uulize, na uulize kama watampiga ile picha ya nyuma ya jicho ya kuchoma kwanza rangi kwenye mshipa wa mkono. Kama ipo waambieni mapema aleji zake na habari za figo. Ile rangi inatoka na mkojo, unakuwa wa njano iliyokolea na ngozi nayo inabadilika kidogo siku hiyo, dada usije ukashtuka

Mama: Afadhali umesema ningeamsha watu usiku

Kaka: Kwa hiyo hatugeuzi Alhamisi hiyohiyo?

Dada Mkubwa: Mkitoka mapema mnageuza, mkichelewa mnalala. Miwani ya jua ya Mama iwekwe kwenye gari leo

Mama: Nimeamua. Kaka unaendesha, mdogo wako anaingia na mimi. Akinijibia mara moja namtoa nje akangoje na wewe

Kitindamimba: 🤐

Dada Mkubwa: Kaka barua ya rufaa ulichukua wewe, tuma picha yake humu sasa hivi

Kaka: Iko kwenye gari

Dada Mkubwa: Si ushuke uilete