Nozeli za Fuso 6D17: nioshe au ninunue mpya?

MamaViazi_Njombe

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela Jumatatu.

Nina Fuso Fighter, injini 6D17, ile ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Inashusha viazi kutoka Uwemba hapa Njombe hadi Mabibo, Dar, ikirudi inapandisha saruji. Mimi si dereva wala fundi, ila kila safari naandika kwenye daftari lita zilizoingia. Mwaka jana kwenda na kurudi ilikula lita 390 mpaka 400. Safari tatu za mwisho: 438, 455, 471. Mzigo ni ule ule, dereva ni yule yule.

Dereva anasema mlima Kitonga siku hizi anaingiza gia ya kwanza pale alipokuwa anapanda na ya pili, na moshi mweusi unafunika walio nyuma. Asubuhi hapa Njombe kukiwa na baridi inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe unaochoma macho na inamisi kama dakika tano ndipo itulie.

Fundi wa kwanza anasema toa nozeli zote sita (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda) weka mpya, 90,000 kila moja, jumla 540,000. Wa pili anasema zioshwe tu, 20,000 kila moja, yaani 120,000. Wote wawili walisikiliza injini ikiunguruma, hakuna aliyefungua kitu. Tofauti ya hapo ni 420,000, na kwangu hiyo ni ada ya mtoto. Mtu anajuaje kipi ni kweli? Sitaki kuliwa hela, wala sitaki kuua injini kwa kubana matumizi.

BarabaraYaZambia

Pole mama. Kabla ya nozeli badilisha filta ya dizeli, fungua na filta ya hewa uiangalie. Hiyo gari haina turbo ya kusukumia hewa kwenye injini, ikikosa hewa inatoa moshi mweusi hata nozeli zikiwa nzima. Mimi nimepita njia hiyo miaka kumi na moja, vumbi la mashambani linajaza filta haraka kuliko unavyodhani. Halafu kuna dawa ya kumwaga kwenye tangi, inasafisha nozeli bila kufungua. Ianze hiyo.

FundiPampu_Iringa

Mama, shikamoo. Mimi kazi yangu ni pampu na nozeli tu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wote wawili wamekupa jibu kabla ya kupima, kwa hiyo usimlipe yeyote bado.

Mkuu hapo juu yuko sahihi kuhusu filta. Niongeze kwamba Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo itatoa moshi kidogo huko hata ikiwa nzima. Ndiyo maana moshi peke yake haunishawishi. Kinachonishawishi ni daftari lako, pamoja na ule moshi mweupe wa asubuhi. Moshi unaochoma macho ni dizeli iliyoingia bila kuungua, na mara nyingi kuna nozeli inayodondosha badala ya kupuliza. Dawa ya kwenye tangi inasaidia uchafu mwepesi tu. Nozeli inayodondosha haitaiponya.

Mwambie dereva afanye hivi gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, imeshapata moto. Alegeze nati ya bomba la presha kwenye nozeli moja moja, aikaze, ahamie nyingine. Akilegeza ya silinda nzima, injini itayumba. Akilegeza ambayo injini haibadiliki, hiyo silinda ilikuwa haifanyi kazi. Kisha ahamishe nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani. Ubovu ukihama nayo, tatizo ni nozeli. Ukibaki palepale, ni pampu au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), na hapo hata ungenunua nozeli za dhahabu usingepona.

Baada ya hapo zitolewe zote sita, ziandikwe namba ya silinda, ziletwe kwenye mashine ya kupimia. Usikubali ziharakishwe. Nozeli nzima inafunguka kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, inakoroma, na dizeli inatoka kama ukungu, sawasawa kila tundu. Ukishusha presha bar 20 chini ya hiyo na kuishikilia sekunde 10, ncha yake isidondoshe tone. Kuna zinazofeli zikiwa chafu, zikioshwa zinapita. Hizo unazirudisha kwa moyo mweupe. Kuna inayofunguka mapema kwa sababu springi imechoka, hiyo inaongezwa shimu, kile kibati chembamba cha kukaza springi, na maisha yanaendelea, haihitaji nozeli mpya.

Lakini iliyooshwa mara mbili ikaendelea kudondosha, kiti chake, pale sindano ya ndani inapozibia, kimekwisha. Sindano ikiwa imegeuka rangi ya bluu, imeungua. Ikiwa na mkwaruzo unaoushika kwa kucha, imekwisha. Hapo kuosha ni kutupa hela, na zaidi ya hela. Niliwahi kuletewa injini yenye pistoni iliyotoboka katikati kabisa. Mwenye gari alikuwa ameoshewa nozeli ile ile mara tatu ndani ya miezi minne, kila safari anaambiwa imepona. Dizeli ilikuwa inadondokea pistoni muda wote. Yule baba alikuwa anaitegemea gari moja kama wewe, na bado inaniuma.

Fundi akichukua waya kuzibua matundu ya nozeli, zichukue uondoke. Tundu ni kama robo ya milimita au chini ya hapo, na waya unalitanua. Akizimwaga sindano zote kwenye beseni moja, ondoka pia, kwa sababu kila sindano imesagwa na bodi yake, nafasi kati yao ni maikroni chache tu. Ukizichanganya hakuna itakayokaa.

Kuhusu idadi: zikifeli tatu au zaidi, nunua sita. Ikifeli moja au mbili, nunua hizo tu, zenye namba ile ile iliyochongwa kwenye nozeli ya zamani. Maboksi ya feki yapo mengi, soma namba kwenye chuma chenyewe.

Halafu niambie, dizeli mnaweka wapi? EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, uchakachuaji wa mafuta ya taa ulipokuwa umezidi, ila maji hayahitaji mchakachuaji. Yanaingia yenyewe.

LoriMombasa

Mama, hujambo. Ushauri wa fundi ni mzuri, lakini wenye lori za kompyuta wasije wakauiga. Mimi nina Isuzu FRR ya 4HK1, ni komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalisha injekta (nozeli za kompyuta) zote. Usilegeze bomba la presha injini ikiwa inanguruma! Presha yake inaweza kupita bar 1,000 na dizeli inaweza kutoboa ngozi ikaingia mwilini. Unakimbizwa hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Kwetu tulipima mafuta yanayorudi, kila injekta na chupa yake. Moja ilijaza chupa zingine zikiwa hazijafika nusu. Tulibadilisha hiyo moja, na namba iliyo kichwani mwa injekta ikaingizwa kwenye kompyuta ya gari. Ya kwako, mama, ni rahisi zaidi. Shukuru.

MamaViazi_Njombe

Fundi, marahaba. Umeniuliza jambo ambalo sikulifikiria. Dizeli tunanunua kwa pipa tunaweka nyumbani, maana alfajiri sheli ya karibu inakuwa imefungwa. Leo nimemwambia dereva afungue seperata (chujio la kutenga maji na dizeli) mbele yangu. Yametoka maji ya rangi ya kutu, kikombe kizima. Filta ya hewa tumeipiga upepo, ilikuwa na vumbi lakini si la kutisha. Amelegeza nati kama ulivyosema: silinda ya 3 na ya 4 injini haikujali kabisa. Alipohamisha, ubovu ukahama nazo.

FundiPampu_Iringa

Basi sasa tuna jibu nusu. Pipa hilo liinamishe kidogo upande mmoja kwa tofali, liache litulie usiku kucha, na mpira wa kunyonyea usifike chini. Bora zaidi achana nalo. Zilete nozeli zote, zisiletwe mbili tu. Na wakati zimetoka, dereva amulike tochi kwenye kila tundu la hedi aangalie washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli.

MamaViazi_Njombe

Narudisha majibu, imepita wiki mbili.

Nilisimama mwenyewe kwenye mashine ya kupimia, namba zangu nimeziandika kwa chokaa. Ya 1, 2 na 5 zilipita baada ya kuoshwa, nimeona ukungu wake kwa macho yangu. Ya 6 imeongezwa shimu. Ya 3 imeoshwa mara mbili na bado inadondosha. Ya 4 sindano yake ilikuwa bluu kama chuma kilichotoka kwa mhunzi. Na kwenye tundu la 4 tulikuta washa ya zamani imeganda chini, mtu aliweka mpya juu yake, nozeli ikawa haikai, moto wa silinda unapita pembeni. Sijui ni gereji gani ilifanya hivyo, gari niliinunua mkononi.

Mpya mbili 180,000, nne za kuosha 80,000, washa sita 18,000. Jumla 278,000, kufunga ni juu ya dereva. Pipa nimelitoa, sasa nimeongea na wa sheli, anatufungulia saa kumi na moja.

Safari ya kwanza imerudi jana: lita 409. Kitonga amepanda na gia ya pili na saruji juu. Asubuhi inawaka mara moja. Fundi, hizo lita tisa zaidi ya mwaka jana, ni pampu?

FundiPampu_Iringa

Inawezekana, pampu ya umri huo huwa imelegea kidogo. Usiiguse sasa. Andika safari nne zijazo, zikibaki kwenye 410 endelea kupakia viazi. Zikipanda tena, nipigie kabla hujamwita mtu mwingine.