Wakuu, tamthilia ya malkia imeniweka njia panda

Kalamu_Butu: Habarini wakuu. Nina tamthilia ya sehemu 8, ya Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza na Mary, malkia wa Waskoti. Magauni yanang'aa, mishumaa kibao, ila fitina zenyewe hamna, watu wanafokeana tu. Nimefika ya 5, usingizi sipati. Niendelee au niache? Kejeli sitaki.

Sidimu: Rimoti ina kitufe chekundu.

Bi_Mshono: Mimi za kifalme naangalia nguo tu. Zile kola za mikunjo! Niliwahi kujitengenezea ya karatasi kwa ajili ya igizo la shule, nikashinda njaa, kijiko hakifiki mdomoni. Angalia kola, mdogo wangu, utaburudika.

Mzee_Kimya: Tamthilia mbovu haimnyimi mtu usingizi. Unaficha nini?

Kalamu_Butu: Haya. Manukuu yake ya Kiswahili naandika mimi, Ijumaa nakabidhi. Sasa sehemu ya 5 malkia hao wanakutana ana kwa ana, wakati maishani hawakuonana hata siku moja, pamoja na Mary kuzuiliwa Uingereza karibu miaka 19. Waliandikiana barua tu. Nikaongeza kamstari: "Jana nilikuota." Ikawa ndoto. Nimeharibu nini?

Mama_Adili: Umelipwa kutafsiri, hukulipwa kutunga. Hiyo ni hiana.

Kalamu_Butu: Hiana ni yao! Mwaka 1586 barua za Mary zilipita kwa siri ndani ya pipa la bia, zimeandikwa kwa mafumbo. Kumbe njia yenyewe iko mikononi mwa Walsingham, bosi wa majasusi wa Elizabeth. Watu wake wanaichomoa barua, wanainakili, wanairudisha, pipa hilooo linaenda zake. Mary anajiona mjanja. Barua hizo ndizo zilizomponza. Wao pipa wamelitupa, wametuwekea farasi anakimbia dakika nne.

Sidimu: Pipa hilo lingepitia kwangu, barua zingefika. Bia sina uhakika.

Mdadisi: Chai hii. Mfasiri gani anatia manukuu bila kutazama mpaka mwisho? Halafu wiki jana si wewe uliyekuwa fundi majokofu, unalia na mteja?

Kalamu_Butu: Majokofu mchana, manukuu usiku. Kuna dhambi?

Mdadisi: Tupia picha ya hiyo kazi.

Kalamu_Butu: Mkataba unakataza.

Mama_Adili: Leo ndiyo umeukumbuka mkataba?

Bi_Mshono: Jamani, hata kama ni chai, mimi nauliza: Mary siku ya mwisho alivaa nini?

Kalamu_Butu: Juu nyeusi. Walipomvua, ndani nyekundu iliyoiva. Na kimbwa chake kilikutwa kimejificha kwenye sketi.

Bi_Mshono: Wameonyesha?

Kalamu_Butu: Ndiyo nimetoka kuitazama. Mbwa hayupo. Na mnyongaji anaomba aletewe upanga, wakati Februari 1587 Mary alikatwa kichwa kwa shoka, tena pigo moja halikutosha.

Mzee_Kimya: Usiguse.

Kalamu_Butu: Nimeshaandika shoka.