Re: DHS-38 ya shamba la bluberi, nani amewahi kuipeleka?

Kutoka: Mama Furaha, Kentwood
Jumatatu, Agosti 18, 2025

Jambo ndugu na dada zangu,

Niko na shida na biro ya msaada wa chakula hapa Michigan, naomba mnisaidie mbio. Tangu mwanzo wa mwezi wa saba nilichuma bluberi kule upande wa West Olive, Jumamosi na siku zingine kiwanda kilipotupunguzia masaa. Walitulipa kwa paundi. Nikaandika mwenyewe kwenye MI Bridges, ule mtandao wa biro, kama nimepata kazi, sababu sikutaka kuficha kitu. Juma lililopita nikapokea DHS-3503, ile karatasi ya kuomba uthibitisho: wanataka DHS-38, fomu ya kuthibitisha kazi, yenye sahihi ya mwajiri, mwisho Ijumaa hii.

Mwenye shamba anasema si yeye aliyeniajiri, ni yule kapita, msimamizi wa wachumaji, aliyetubeba na basi. Kapita naye amekwisha kuhama na watu wake kwenye shamba lingine la mbali, simu yake haiiti. Mimi niko na stabu tatu za cheki tu, vile vipande vinavyoonyesha malipo.

Naomba mambo mawili. Moja, stabu zinatosha bila DHS-38? Mbili, ile pesa ya paundi niiandike kama mshahara ao kama kazi ya kujitegemea? Niko na watoto wanne na masomo yanaanza. Bridge Card, kadi yetu ya chakula, ikifungwa mwezi wa tisa sijui nitafanya nini.

Mungu awabariki.

---

Kutoka: Baba Imani, Wyoming

Mama Furaha, pole sana, kutoka hapa Wyoming ya Michigan. Kwanza tuambie, una grini kadi au bado? Hilo ndilo watakalokuuliza siku hizi.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka juzi ofisi ilitaka DHS-38 kutoka kiwanda cha nyama. Nikaipeleka kwa yule mama wa ajira, akaniambia ameituma kwa faksi. Nikakaa na amani. Tarehe ya kadi ikafika, niko kaunta na kikapu kimejaa, kadi ikakataa. Kumbe faksi ilienda kwa namba ya kesi ya mtu mwingine. Nilikaa wiki tano bila kitu. Kwa hiyo usimwamini mtu akutumie. Piga picha kila ukurasa, pandisha mwenyewe kwenye MI Bridges, halafu piga picha ya ile skrini inayosema imepokelewa. Ukitumbukiza bahasha kwenye sanduku la mlangoni huna ushahidi wowote.

Kuhusu stabu, kazi za shambani nyingi hazitoi stabu za maana, ni cheki tu imeandikwa jina. Sidhani watazikubali.

---

Kutoka: Bi Zuhura, Lansing

Assalaam alaykum nyote.

Baba Imani, kwa heshima, hapo umekosea na watu watakufuata. Kuna sheria ya kulinda vibarua wa mashambani ya mwaka 1983, ile MSPA. Kapita wa namna hiyo analazimika kumpa kila mchumaji karatasi ya malipo kila anapolipa: alilipwa kwa kipimo gani, amechuma ratili ngapi, saa ngapi za kazi, amekatwa nini na kwa sababu gani, pamoja na jina na anwani ya mwajiri na namba yake ya kodi. Kumbukumbu anatakiwa azitunze miaka mitatu. Mimi nilikalimani kwenye kliniki ya sheria ya wafanyakazi wa mashambani misimu miwili, nimeziona kwa macho yangu.

Mama Furaha, zitazame stabu zako vizuri. Zikiwa na hayo yote, una ushahidi mkononi. Zikikosa, kapita ndiye mwenye kosa, wala si wewe. Waandikie ofisi barua fupi leo hii: nimemtafuta mwajiri tarehe fulani na fulani, hapatikani, naomba mnisaidie kuthibitisha. Kwa SNAP, yaani huo msaada wa chakula wa serikali, ofisi ina wajibu wa kukusaidia ukiwa umejitahidi na umeshindwa. Na wakifunga, siku 90 unazo za kuomba usikilizwe. Ukiomba kabla ya tarehe ya kufunga, unaweza kuendelea kupata huku ukisubiri.

Wala mtu asiogope kuandika kwamba amefanya kazi. Dada huyu amefanya uaminifu, na uaminifu wake usimgeukie.

---

Kutoka: Kaka wa Tanga, Holland

Shikamooni wakubwa, na poleni na majukumu.

Mambo ya fomu nawaachia wanaoyajua. Naongezea la bluberi zenyewe, maana naona wengi wetu tunaishi dakika arobaini kutoka mashambani halafu tunanunua kikopo kidogo dukani, tena kimetoka Peru.

Mashamba ya kuchuma mwenyewe yako mengi kuanzia huku Holland hadi South Haven. Unapewa ndoo, unachuma, unapima mlangoni unapotoka. Udongo wa ukanda huu wa ziwa ni mchanga wenye asidi na maji yako karibu, ndiyo maana mmea huu umekubali hapa kuliko sehemu nyingi. Sasa hivi bluberi za aina ya Bluecrop zinaishia. Zinazokuja ni Elliott, mwisho wa Agosti mpaka Septemba. Hizo zina ukali kidogo, lakini zinakaa vizuri kwenye friza.

Wengi wanakosea kwenye kuchuma. Bluberi ikigeuka buluu haijaiva bado. Geuza tunda utazame pale lilipoungana na kikonyo: ukiona wekundu, liache siku kadhaa. Ukilichuma hivyo halitaongeza utamu nyumbani, siyo kama embe unaloweza kulifunika kwenye majivu. Usilivute. Lisukume kwa kidole gumba, lililoiva litakuangukia mkononi lenyewe. Ule ungaunga mweupe juu ya ganda si dawa, ni nta ya tunda lenyewe na ndiyo inayolitunza, basi usioshe mpaka siku ya kula. Kwa friza, tandaza kavu kwenye sinia, zikishaganda ndiyo utie kwenye mifuko. Sisi mwaka jana tulichuma ratili 43 na tukazila mpaka Machi.

Binti yangu ana miaka sita. Juzi alitoka shambani ulimi wote umekuwa zambarau, akanionyesha. Nikamwona mama yangu mbele yangu. Sisi kwetu Tanga tulikuwa tunapanda mzambarau baada ya madrasa, tunarudi nyumbani kanzu ina madoa ambayo sabuni ya mche haiyatoi, na fimbo inakungoja mlangoni. Mama amefariki 2021, sikuweza kwenda. Hata sijui kwa nini nimeyaandika haya hapa.

---

Kutoka: Dada Espérance, Portland, Maine

Kaka wa Holland, pole kwa mama. Mungu amlaze pema.

Lakini ninyi watu wa Michigan muache kusema bluberi ni zenu. Hizo za vichaka virefu zilifugwa juzi tu kule New Jersey. Ni Elizabeth White na yule mtaalamu wa mimea Frederick Coville, waliuza mavuno ya kwanza 1916. Huku Maine tuna za porini, fupi, hazivuki goti, hakuna aliyezipanda. Wapassamaquoddy na Wami'kmaq walizichuma kabla ya Mzungu kufika, na mpaka leo wanakuja Agosti kule Washington County.

Na hazichumwi kwa kidole gumba. Unatumia reki ya mkono yenye meno marefu, umeinama toka asubuhi mpaka jioni. Nilifanya wiki mbili nilipofika, nikiwa bado nangoja kibali cha kazi cha mume wangu. Mgongo uliuma mpaka Krismasi. Tunda dogo kama pilipili manga, lakini utamu wake mkijaribu hamtarudi kwa Elliott.

Mama Furaha, sisi hapa tunapeleka barua ya mwajiri ya kawaida, hatuna DHS-38. Sijui huko.

---

Kutoka: Baba Imani, Wyoming

Bi Zuhura, asante kwa kunisahihisha, ila swali langu la grini kadi hukulijibu, na ndilo kubwa. Ile sheria iliyosainiwa Julai 4 mwaka huu imewatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka wapate grini kadi. Watu waliokaa kambini Nyarugusu miaka 20, wakachunguzwa miaka, wakaletwa na serikali hiyohiyo, leo wanaambiwa chakula si chao. Tukae kimya?

---

Kutoka: Bi Zuhura, Lansing

Hatukai kimya, Baba Imani. Lakini tusiwatishe watu pia. Juzi kuna mama mjamzito kaacha kwenda WIC, ule mpango wa chakula cha wajawazito na watoto wadogo, kwa kusikia maneno kama haya. WIC ni mlango mwingine kabisa, hapa Michigan hawakuulizi makaratasi ya uhamiaji. Aende, na aombe kuponi za Project FRESH za kununulia kwa wakulima kabla hazijaisha.

Na kwa kuwa tumefika hapo: kuponi hizo hazipokelewi kila meza ya barabarani, tafuteni penye tangazo. Ni za matunda, mboga na viungo vibichi vya wakulima wa hapa. Asali huuziwi kwa kuponi za WIC. Kwa zile za wazee asali inaruhusiwa, na nimeshuhudia mzee wetu akikataliwa na muuzaji asiyejua. Bridge Card nayo, sokoni mnaenda kwanza kwenye meza ya wasimamizi, wanakata, wanawapa tokeni na Double Up, ile nyongeza ya matunda na mboga, juu yake. Msiende moja kwa moja kwa mkulima na kadi mkononi, wengi hawana mashine wala kibali.

---

Kutoka: Mzee wa Bukavu, Grand Rapids

Wanangu, salamu.

Niende kwa mambo ya mboga. Soko la Fulton Street ni la zamani, tangu 1922, na wakulima wa pale wanasikia ukiwaeleza. Mwaka wa kwanza niliuliza mmoja kama ana lengalenga, ile mchicha, nikamuonyesha picha. Akashangaa sana, akasema hiyo ni magugu, anaing'oa kila siku na kutupa. Nikaenda shamba lake nikajaza magunia mawili bure. Sasa anatuwekea kila Jumamosi, na ananiuzia na majani ya maboga pia. Kwa mahindi ya kuchoma msichukue yale matamu, ni maji matupu. Mumuombe mkulima yale magumu ya mifugo yakiwa bado mabichi.

Nilikuwa nanunua frezi, yaani stroberi, barabarani Bukavu, mama anazileta kwa kikapu toka milimani, asubuhi zingali na umande. Tangu mwezi wa pili mji ulipochukuliwa vitani sijapata habari ya dada yangu kila siku, ni mara moja kwa juma, mtandao ukikubali. Mtuombee.

---

Kutoka: Dada Espérance, Portland, Maine

Tunaomba, Papa. Jamaa yangu iko Goma, ni vilevile.

---

Kutoka: Mama Furaha, Kentwood
Alhamisi, Agosti 21

Ndugu zangu, nawashukuru wote. Papa, niko pamoja nawe kwa maombi.

Nimetazama stabu kama Bi Zuhura alivyosema. Mbili ziko na paundi, jina na anwani, ya tatu iko na jumla tu, hakuna masaa. Barua nimeandika, mtoto wangu mkubwa amenisaidia kwa Kingereza, nimepandisha vyote na picha ya skrini. Namba ya mhudumu wangu nimeipiga mara saba, inaniambia sanduku la ujumbe limejaa.

Lakini lile swali la pili hakuna aliyenijibu. Ni mshahara ao ni kujitegemea? Fomu inataka nichague moja na mwisho ni kesho.

---

Kutoka: Kaka wa Tanga, Holland

Dada, nimeuliza hapa kazini na hakuna anayejua. Bi Zuhura ukiona ujumbe huu mpigie tafadhali.

Elliott zinafunguliwa Jumamosi ya tarehe 30. Gari langu lina nafasi nne, napita Kentwood saa moja asubuhi. Mama Furaha, wewe na watoto nafasi zenu nimeshaziweka, mkubwa atapanda gari la mke wangu. Leteni kofia na ndoo.